Anselmi, Pedale Haikuwa Laini

Ndugu yangu Anselmi,

Pedale imekuwa laini. Safari hii ni kweli.

Juma lililopita nilikuwa natoka Kirotshe na kamioneti tupu. Kwenye kona ile ya kabla ya daraja la miti nilikanyaga freni, mguu ukashuka taratibu hadi karibu na ubao. Kamioneti ilisimama, usiwe na wasiwasi, ilikuwa inapanda. Nilibaki mle ndani nacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili, kisha nikalia. Wewe ulinisumbua msimu mzima na pedale hii ilipokuwa nzima. Leo imeharibika kweli, na wewe hauko wa kunicheka.

Najua ungetaka kusikia ilikuwa nini kabla ya habari nyingine yoyote, hata kabla ya habari za watoto wako, ndivyo ulivyokuwa. Basi sikiliza. Nilipofika garaji nilivua magurudumu yote. Makavu. Nikapapasa mabomba kutoka mbele hadi nyuma, nayo makavu, hakuna hata tone. Nikakaa kwenye kiti chako cha usukani, nikakanyaga harakaharaka, pedale ikapanda. Nikaacha mguu juu yake bila kuongeza nguvu, nikaanza Baba Yetu kama tulivyozoea kupima. Sikufika kwenye mkate wetu, pedale ilikuwa imeshazama. Hewa haifanyi hivyo. Hewa inakurudishia mguu, inadundadunda. Hii ilikuwa inazama kama mzee anayesinzia kanisani. Nikafungua ile silenda kubwa iliyo chini ya ubao, nikakuta kimpira chake cha ndani kimelika ukingoni. Mafuta yalikuwa yanapenya pembeni na kurudi nyuma badala ya kwenda kubana magurudumu. Nimeweka kipya. Kazi ya asubuhi moja, ungesema nimezeeka, nimechukua muda mrefu.

Baada ya hapo ilibaki kutoa hewa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba umekufa kweli. Nilikuwa nimeona kaburi lako, nilikuwa nimelia na wanawake, nilikuwa nimemeza chakula cha matanga, lakini sikuwa nimeelewa. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushika, mwingine yuko chini ya gurudumu anafungua skurubu, mafuta na mapovu yatoke, anafunga, anasema achia. Nilikwisha kulala chini, ufunguo wa skurubu mkononi, nikaita "Kanyaga," kama siku zote. Nikangoja. Mvua tu juu ya bati.

Nilikata mti wa karatusi nikausimika kati ya kiti na pedale, nikawa nakwenda na kurudi, nakanyaga mwenyewe, nasimika, nashuka chini. Inawezekana. Ila ni kazi ya kijinga, na magoti yangu hayakuipenda.

Mengine ni haya. Bwana wa shamba amekuwa mweupe kichwa kizima na haongei tena kwa kufoka, labda amechoka. Nyumba ya kukaushia pareto imepata paa jipya. Watu wa barabara wamepanua ile kona ya kuelekea Walikale uliyokuwa unaitukana kwa Kinyanga chenu ukidhani mimi sielewi. Yule mtoto aliyezaliwa siku tuliyomshusha mama yake Kirotshe sasa anakimbiza kuku kambini kwa wafanyakazi, anaanguka, anasimama. Na mimi ndiye shofere. Hilo unalijua. Bado sipendi mteremko. Nashuka nimeshika usukani kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe, na watu wa nyuma wananicheka.

Siku ulipofika hapa mara ya kwanza hukunicheka, ulinitukana. Ulikuwa umepanda na shehena ya mawese kutoka kwenu porini, upande wa Pinga, umefungwa blanketi mbili, unatetemeka, na mimi nikakuuliza kama ni kweli watu wa porini wanakula kila kitu chenye mkia. Ukasema ndiyo, lakini watu wa mulima wameponea kwa sababu hawaogi, nyama yao inanuka. Nikajua hapohapo kwamba tutaelewana. Bwana alikuwa anatafuta shofere, wewe ulijifunza kuendesha wakati wa vita kwenye malori ya machimbo, na kamioneti ilikuwa kuukuu tangu wakati huo. Siku ya kwanza nilipomaliza kukaza skurubu za freni ulifungua mlango wa upande wa pili, ukanionyesha kiti.

"Weye njo ulifunga vise. Weye utashuka na miye."

Ikawa sheria yetu. Aliyetengeneza freni anashuka nazo. Nimeshuka nawe mpaka nikazijua kona zote za Kirotshe kwa tumbo langu. Ulikuwa unaendesha peku, kama mashofere wote wa wakati ule, vidole vya mguu vimetanuka juu ya pedale. Ulisema mguu wenye kiatu ni kipofu. Ulikuwa unasikia kwa nyayo zako vitu ambavyo mimi nilivikuta baadaye kwa ufunguo. Uliwahi kuniambia gurudumu la nyuma la kushoto linavuta kidogo, na nilipolivua nikakuta kibao kimoja cha freni kimepata ufa mwembamba kama unywele. Sikukuambia nilivyoshangaa. Kukusifu ilikuwa hatari, ungeimba hadi Jumapili.

Sasa nakuuliza, mguu kama ule, ungewezaje kunijia asubuhi moja na kusema, "Bauma, pedale iko laini"?

Nilikuamini. Shofere akisema pedale ni laini, ni laini. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Unaanza na gurudumu la mbali kabisa kutoka kwenye pedale, unatoa hewa, unakuja kwa linalofuata, unasogea pole pole kuelekea kwa shofere. Hakukuwa na hewa. Mafuta yalitoka safi, bila povu. Pedale chini ya mguu wangu ilikuwa ngumu kama kizingiti. Tukashuka pamoja na magunia ya pareto, na chini, karibu na ziwa, nikakuuliza unaonaje.

"Iko laini vilevile. Sisikie kitu."

Nikasema basi ni mabomba ya mpira, yale mafupi yanayoingia kwenye magurudumu. Yakizeeka yanavimba ukikanyaga, nguvu inaishia kwenye kuvimba. Tukangoja mapya kutoka mjini Costermansville hadi nikachoka kungoja. Nikayafunga. Tukashuka. Laini. Nikakagua vibao vya freni, nikavisogeza karibu na ngoma ya gurudumu hadi vikawa vinalamba. Tukashuka. Laini. Nikakumbuka viatu. Bwana alikuwa amekupa viatu vya soli nene, uvae wageni wake wakija, na wewe ulivipenda kuliko ulivyokubali kusema. Nikakuambia shida ni hivyo, vua, rudi kwenye mguu wako wa porini. Ulivivua mara moja, bila ubishi. Ningepaswa kushangaa hapo, kwa maana hujawahi kukubali neno langu bila ubishi tangu tulipofahamiana. Tukashuka. Ukiwa peku. Laini.

Kitu kingine kilikuwa mbele ya macho yangu na sikukiona, au nilikiona nikakipita. Motokari yenye freni laini inachelewa kusimama. Yako ilikuwa inasimama kwa hasira. Ulikuwa unakanyaga hadi magunia yanaruka mbele na kugonga kibanda cha shofere, halafu kona inayofuata ulikuwa unakanyaga kidogo sana na tunalikaribia korongo, unakumbuka, unakanyaga tena kwa nguvu. Nilikuwa nimeshika mlango, natafuta kosa chini ya ubao, kwenye chuma, kwenye mpira, kwenye mafuta. Ndiyo kazi yangu. Fundi wa motokari anaangalia motokari.

Halafu ikaja siku ya yule mama wa kambini. Uchungu ulimshika tangu jana yake, wakunga wakasema mtoto amekaa vibaya, ashushwe hospitali ya Kirotshe. Tulimlaza nyuma juu ya magunia ya majani makavu, mama mkwe wake amemshika kichwa. Kwenye kona ya daraja ulichelewa. Nilikuona umechelewa. Kamioneti ilipanda tuta, gurudumu la mbele likabaki hewani upande wa mto. Ulirudisha nyuma taratibu, mikono yako ikiwa imara kabisa. Tulifika. Alijifungua salama, ashukuriwe Mungu. Kurudi, tulipopita soko, ukasema:

"Tuangalie ile pedale tena, Bauma. Tafazali."

Ile tafazali ilinikaa moyoni. Hujawahi kuniomba kitu kwa tafazali.

Siku iliyofuata ilikuwa mvua kama hii ya sasa. Nilianza tena upya, gurudumu la mbali, la pili, la tatu. Wewe juu, mimi chini. Kanyaga. "Nakanyaga." Shika. "Nashika." Nilipofika gurudumu la mwisho, lile la mbele upande wako, nikafungua skurubu na hakikutoka kitu. Hata tone. Nikaita kama unashika.

"Nashika, Bauma. Nashika na nguvu yangu yote."

Nilitoka chini ya kamioneti. Mlango wako ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa wima, mikono miwili kwenye usukani, unatazama mbele kupitia kioo kama mtu aliye njiani, mishipa ya shingo imesimama, jasho linakutoka na baridi ile. Mguu wako ulikuwa umekanyaga ubao. Ulikuwa pembeni ya pedale, umeukandamiza ubao kwa nguvu yako yote, na pedale imesimama juu kando yake, haijaguswa.

Nilifikiri unanitania. Nilingoja ucheke. Kisha nikapiga magoti nikakushika kidole gumba cha mguu, nikakiminya kwa kucha mpaka ngozi ikabaki na alama.

"Unafanya nini kule chini? Mafuta inatoka?" ukauliza, na macho yako bado yako mbele.

Niliuona mguu wako kwa mara ya kwanza, mimi niliyeutazama kila siku. Kovu la moto kisiginoni. Kidole kidogo kimekunjamana. Ngozi kavu, isiyong'aa kama mguu wa pili. Nilijua. Kila mtu wa milima hii na wa porini anaujua ugonjwa ule unaoua ngozi kwanza na kula vidole baadaye, na kila mtu anaogopa kulitaja jina lake ndani ya nyumba. Nikasema neno moja tu, nalo halikuwa hilo.

"Anselmi, mutuka iko muzima."

Ukatazama chini. Ukauona mguu wako ulipo. Ulichukua muda, ukautoa ubaoni kwa mkono, kama mtu anayehamisha kitu cha mwingine.

"Njo vile," ukasema.

Ukashuka, ukaweka ufunguo wa kamioneti juu ya meza yangu ya kazi, ukachukua viatu vyako vya soli nene mkononi, ukaondoka peku kwenye mvua kuelekea kambini. Sikukukimbilia. Nilidhani unanichukia. Nilidhani nimekuvua kazi yako kwa mkono wangu, wewe usiyejua kazi nyingine wala kutaka nyingine, na kwamba hakuna neno la kukufuata nalo.

Ulimwambia Bwana mama yako anaumwa, unarudi kwenu kulima. Bwana akaniuliza nani mwingine anaweza kuendesha. Hapakuwa na mwingine. Pareto ilikuwa imejaa magunia, na mimi nilikuwa nimejifunza kwako, kwa kukaa kando yako tu. Nikachukua ule ufunguo kutoka meza yangu mwenyewe. Unajua kambi ilivyo. Kabla ya wiki kuisha watu walikuwa na hadithi yao kamili: Bauma alitamani usukani miaka yote, Bauma alikuwa anaingia kwa Bwana na kusema shofere anaharibu freni, Bauma amemufukuza ndugu yake wa kula naye sahani moja. Wanawake waliacha kunisalimu kwanza. Sikujibu. Kujibu kulikuwa ni kuutaja mguu wako.

Nilikuja kukuona, unakumbuka, kila niliposhuka Walikale kuchukua mawese ya wafanyakazi. Ile kambi ya wagonjwa pale kando ya mto, nyumba zake safi, mihogo yake. Mara ya kwanza ulikuwa umekaa kwenye kigoda unachonga mpini. Ulisikia kamioneti kabla ya kuiona, na salamu yako ya kwanza ilikuwa kwamba springi ya nyuma inalia. Ilikuwa inalia kweli. Tuliongea pareto, tukaongea matairi, tukaongea ujinga wa watu wa mulima. Uliniambia vidonge unameza, na madoa yamesimama. Wazee wenu walikuwa wamesema ulikula nyama ya mwiko wa ukoo, wakafanya yao, na mkeo Mama Feza akawaacha wafanye, akasema dawa mbili hazigombani. Hatukuutaja mguu. Nilipokuwa nawasha motokari uliniuliza, "Pedale iko sawa?" nikasema iko sawa, nawe ukacheka hadi ukakohoa. Nilidhani unanicheka kwa uchungu. Niliendesha hadi Masisi nimekunja uso.

Kisha watu wa mawese wakaleta habari. Kijiti tu cha shambani, kiliingia kwenye unyayo, ukatembea nacho siku nzima bila kujua, na siku nyingine, hadi mguu ukavimba na homa ikakupanda kichwani. Ulishinda ugonjwa mkubwa, kijiti kikakuua. Nilipofika majani ya migomba juu ya kaburi yalikuwa yameanza kukauka.

Mama Feza alinitoa pembeni ya watu. Alikuwa amekonda, lakini sauti yake ilikuwa ileile, ya mtu anayegawa chakula. Nilimwomba radhi. Nilimwambia ni mimi niliyemtoa mumewe kwenye usukani, na kwamba tangu siku ile sijakula chakula kikaniingia vizuri. Akanitazama kama mtoto aliyepotea njia ya nyumbani kwao.

"Papa Bauma, alijua. Alijua tangu mavuno ya maharagi. Muguu iliungua ku moto ya ziko, miye njo nilisikia arufu. Yeye hakusikia kitu."

Nikamwuliza kwa nini basi alikuja kwangu na habari za pedale.

"Alisema kinywa chake kinakataa. Alisema: Bauma anaanza na magurudumu, atafika tu ku muguu."

Anselmi.

Nimeliweka neno hilo kichwani siku zote hizi na sijui nilifanyeje. Kuna saa linanifurahisha. Hukunichukia. Ulikuwa unaniletea mguu wako ndani ya motokari kwa sababu ulijua ndicho kitu pekee ninachojua kukiangalia, na ulijua sitaacha hadi nifike. Kila nilipokuambia sasa iko sawa na wewe ukasema laini, ulikuwa unaniambia sogea karibu kidogo. Na mimi nilikuwa nasogea, bomba kwa bomba. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini hivyo na sidhani kama atatokea mwingine.

Na kuna saa nakasirika hadi nasimama kutoka kwenye kiti. Ulijua. Ulijua, na ulimpandisha yule mama juu ya magunia. Ulijua, na gurudumu likabaki hewani juu ya mto, na mama mkwe wake yuko nyuma amemshika kichwa. Kinywa kilikataa? Kinywa kilichonitukana tangu siku ya kwanza? Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, kingekuumbua wewe peke yako. Ungekuja tu, ungekaa pale juu ya tairi kuukuu, ungesema neno moja, hata nusu, ningelimalizia mimi. Ningeendesha, wewe ungekaa pembeni unanielekeza kona. Kirotshe wangekuanzishia vidonge mapema. Nayasema haya nikijua kwamba mimi pia nilipouona mguu wako nilishindwa kulitaja jina, nikasema mutuka iko muzima. Tulikuwa wanaume wawili wenye midomo mikubwa na hakuna aliyeweza.

Sijui kama nimekusamehe. Naona ninakukosa zaidi kuliko ninavyokukasirikia, na hilo litatosha kwa sasa.

Lililonifanya niandike ni binti yako Feza.

Anakaa Nyamitaba kwa mama yake mdogo, anasoma kwa masista, amerefuka, ana paji lako la uso na ana ubishi wako wote. Anajua baba yake aliacha kazi akarudi kulima kwao na akafa kwa homa. Ndilo aliloambiwa, na Mama Feza ameniomba liwe hilo hilo, kwa maana unajua watu wanavyotazama nyumba iliyotajwa jina hilo, na mtoto ni msichana, ana maisha ya kuolewa mbele yake. Lakini Feza alikulia kambini. Alisikia hadithi ya kambi. Siku ileile pedale ilipozama, nilikuwa nimemkuta asubuhi kwenye mvua, amefunika kichwa kwa jani la mugomba, miguu imejaa tope. Nikasimama. Nikafungua mlango ule wa upande wangu wa zamani. Alisogea kwenye majani, akatoka barabarani kabisa, akanijibu kwa adabu yote, macho chini.

"Asanti, Papa. Miye niko na miguu."

Hakujua amesema nini. Niliendelea hadi Kirotshe na sikumbuki njia.

Mke wangu anasema nimwambie. Anasema mtoto mkubwa anaweza kubeba ukweli, na kwamba hakuna sababu mtu asiye na kosa apewe mgongo na mtoto aliyembeba begani. Nimelifikiria nikiwa chini ya gurudumu, peke yangu na ule mti wa karatusi. Ningeanzia wapi? Nikimwambia sikukunyang'anya, ataniuliza kwa nini basi uliacha. Nikisema mguu, ataniuliza mguu ulikuwa na nini. Na nikimwambia yote, kwamba ulijua, ataniuliza tangu lini. Feza atauliza, ni mtoto wako. Nami sijui kusema uongo nikiulizwa waziwazi. Atahesabu mwenyewe, atafika kwenye yule mama na yule mtoto anayekimbiza kuku, mtoto anayemjua kwa jina. Hapo nitakuwa nimejisafisha mimi kwa kukuchafua wewe, nawe huwezi kusimama ukajitetea na kinywa chako kikubwa.

Basi nakuahidi. Sitamwambia. Nitaendelea kusimama nikimkuta kwenye mvua, na kufungua mlango, na yeye ataendelea kusogea kwenye majani. Siku ya kuolewa kwake nikiwa hai nitatoa kamioneti, nitaiosha, na kama atakataa kuipanda nitabeba vyombo tu. Mama Feza akirudi huku baada ya matanga, nitamtengenezea paa. Barua hii nikimaliza naiweka ndani ya moto wa garaji, maana wewe umeshaisikia na hakuna mwingine inayemhusu.

Pumzika, ndugu yangu wa porini. Pumzisha huo mguu. Mwanao atakua akijua mambo mawili, kwamba baba yake alikuwa shofere bora wa barabara hii, na kwamba rafiki yake alimnyang'anya usukani. La kwanza ni kweli. La pili nimelikubali.

Wako,
Bauma